Saa ya Baba na Jicho la Mama

Baba yetu alipofariki aliacha vitu vichache: nyumba ya vyumba vitatu mjini Tabora, kiwanja chenye miembe, Biblia ambayo mgongo wake ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi mweusi, na saa ya mkono. Nyumba na miembe havikutugombanisha, kwa kuwa mama yu hai na anaishi humo, na hakuna aliyethubutu kuvigusa. Kilichotugombanisha ni saa, kitu kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Kwa miezi minne sisi watoto wake watatu tulibishana: tuitengeneze au tuiuze? Tunayaandika haya kwa sababu katika kulijibu swali dogo namna hiyo tuliona ndani ya mioyo yetu jambo ambalo miaka mingi ya kuketi kanisani haikuwa imetuonyesha.

Kwanza tuieleze saa yenyewe. Baba alikuwa mtumishi wa reli. Aliajiriwa wakati reli ilipokuwa ya Afrika Mashariki nzima, akaendelea na kazi baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 na Tanzania kuanzisha shirika lake. Tabora ni njia panda: treni itokayo Dar es Salaam hufika hapo, na kutoka hapo njia moja huenda Kigoma na nyingine Mwanza. Reli ile ni ya njia moja, kwa hiyo treni mbili haziwezi kupishana ila stesheni, moja ikiisubiri nyingine. Dakika chache za mtu mzembe zingeweza kuwa maafa. Ndiyo maana mtumishi wa reli hakuvaa saa kwa ajili ya mapambo. Mwaka 1968 baba alinunua Omega ya kutia ufunguo, akailipa kidogo kidogo kwa muda wa miezi minane. Mama husema kwamba miezi ile yote hakununua kanga. Tulilisikia neno hilo mara nyingi tangu utotoni, tukalichukulia kuwa hadithi tu ya zamani. Msomaji alishike, kwa maana sisi hatukulishika.

Saa ya namna ile haina betri. Ndani yake mna kamani, utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa, ambao ukitiwa ufunguo asubuhi hujikaza, kisha hujilegeza polepole mchana na usiku kucha. Nguvu yake huyazungusha magurudumu madogo, na gurudumu moja huenda na kurudi bila kuchoka, mapigo matano kila sekunde, ambayo ni 18,000 kwa saa na 432,000 kwa siku. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Tulipokuwa wadogo baba alitufundisha kuisoma: mshale mfupi ukiwa kwenye moja, ni saa saba, ukiwa kwenye tatu, ni saa tisa. Mmoja wetu alimuuliza kwa nini saa haisemi kweli. Akacheka, akasema kwamba saa husema Kizungu nasi huijibu kwa Kiswahili.

Baba alipougua hakuna aliyekumbuka kuitia ufunguo. Ilisimama, na baada ya maziko iliwekwa katika kopo la chai juu ya kabati. Ikakaa humo miaka sita. Hakuna aliyeiulizia. Tunalitaja hili kwa aibu, kwa sababu baadaye kila mmoja wetu alizungumza kana kwamba saa ile haijamtoka moyoni hata siku moja.

Habari ya saa ilianza pale macho ya mama yalipoanza kufifia. Alikuwa akimwaga chai nje ya kikombe, na kanisani alishika kitabu cha nyimbo akiimba kwa kukumbuka tu. Alipopelekwa hospitali aliambiwa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa limezidi. Daktari alieleza vizuri: kioo cha ndani ya jicho kimeingia ukungu, hutolewa kwa upasuaji mfupi na kuwekwa kingine cha kutengenezwa, na wengi huona tena. Ukiacha upasuaji, hakuna dawa ya kunywa wala ya kudondosha itakayoondoa ukungu ule. Gharama ya jicho moja, pamoja na nauli na malazi, ilikaribia shilingi 450,000.

Hapo ndipo mmoja wetu aliposema, “Kuna ile saa.” Ikatolewa kwenye kopo. Fundi saa wa sokoni aliifungua, akaweka kioo chake cha kukuzia jichoni, akaitazama kwa muda mrefu. Alisema kamani ni nzima, ila mafuta yamekauka na kugeuka gundi. Akitaka kuifanyia kazi ya haki ataitoa vipande vyote, avioshe na kuvitia mafuta upya, kwa shilingi 90,000. Mmoja wetu aishiye Dar es Salaam alimpelekea picha mtu anayenunua saa za zamani. Huyo akasema atatoa 700,000 ikiwa hivyo hivyo ilivyo, akatuonya tusiruhusu mtu asugue kasha wala kupaka upya uso wake, kwa maana wapendao saa hizi hulipia uso wa asili hata kama umefifia.

Tukagawanyika. Waliotaka kuuza walikuwa na hoja nzito. Walisema kitu kisicho na uhai hakiwezi kushindana na jicho la mtu aliye hai. Walisema Bwana wetu alituonya tusijiwekee hazina mahali penye nondo na kutu, na saa iliyosimama ndani ya kopo la chai ni kutu yenyewe. Walisema baba mwenyewe, kama angeulizwa, angeivua mkononi kabla swali halijaisha.

Aliyetaka itengenezwe naye hakuwa mjinga. Alisema kuna vitu ambavyo bei yake haiko sokoni. Alitukumbusha mawe kumi na mawili ambayo Yoshua aliamuru yatolewe katikati ya mto Yordani, ili watoto wakiuliza siku zijazo, baba zao wawe na la kuwaonyesha. Mtu asiye na jiwe lolote la kumwonyesha mwanawe, alisema, atamwambia nini juu ya mahali walipovukishwa? Akamtaja pia Nabothi, aliyekataa kumuuzia mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu kwa kuwa ni urithi wa baba zake, akafa kwa ajili ya kukataa huko, na Mungu akasimama upande wake.

Akajibiwa kwa habari ya Barnaba, ambaye katika Matendo ya Mitume aliuza shamba lake na kuileta fedha miguuni pa mitume, akahesabiwa kuwa mwana wa faraja. Hapo mabishano yetu yalikwama. Nabothi hakuuza, akawa mwenye haki. Barnaba aliuza, akawa mwenye haki. Tena mbele kidogo tu ya Barnaba wako Anania na mkewe Safira, ambao nao waliuza, wakaangamia. Ikiwa mtu aweza kuuza akampendeza Mungu, na kuuza akamchukiza, basi jibu la swali letu halikuwa ndani ya kuuza wala ndani ya kutouza. Hatukulitambua hilo upesi. Kila upande uliendelea kumpigia mwenzake mistari, kama watu wanaotupiana mawe yaliyochukuliwa madhabahuni.

Mwezi wa nne tuliamua kukutana nyumbani, tukapige kura. Tuliketi sebuleni, kopo likiwa mezani. Mama alikuwa jikoni na mjukuu wake, kijana wa marehemu kaka yetu, ambaye amelelewa hapo tangu baba yake alipofariki. Tulifikiri tunazungumza kwa sauti ya chini. Mama akaja akipapasa ukuta, akaketi, akauliza, “Wanangu, hiyo saa ni ya nani?”

Tukajibu kwa pamoja, “Ya baba.”

“Baba yenu yuko wapi?”

Tukanyamaza.

“Miezi minane nilivaa kanga moja,” akasema. “Nikiifua usiku, naivaa asubuhi. Nusu ya saa hiyo ilikuwa yangu tangu siku ya kwanza, na nusu ya pili aliniachia. Miezi minne mnaijadili, hakuna aliyeniuliza. Haya, muiuze. Mkiuza saa yangu mkanilipia hospitali, nani atakuwa amenitibu? Nitakuwa nimejitibu mwenyewe. Ninyi mtakuwa mmebeba hela tu.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayerekebisha hesabu ya mtoto. Kisha akarudi jikoni.

Jioni ile mmoja wetu alichukua karatasi. 450,000 kwa watu watatu ni 150,000 kwa kila mmoja. Hakuna kati yetu aliye tajiri, lakini wote watatu tuna kazi. Tukahesabu kwa uaminifu: katika miezi ile minne tuliyobishana juu ya saa, kila mmoja wetu alikuwa ametoa mchango wa harusi mbili au tatu. Kadi zilipokuja tulilipa, wengine kwa watu ambao tusingewatambua tukikutana nao njiani, kwa sababu kamati ya harusi hupiga simu, hutuma ujumbe na kusoma majina ya wasiolipa. Mama hakuwa na kamati, wala hakutuma ujumbe. Alikuwa akimwaga chai nje ya kikombe, basi.

Ndipo tulipoelewa ile habari katika injili ya Marko, sura ya saba, ambayo tulikuwa tumeisikia mara nyingi tukidhani inawahusu Mafarisayo peke yao. Bwana Yesu aliwakemea watu waliokuwa wakisema kwamba kile ambacho wazazi wao wangefaidi kutoka kwao ni Korbani, yaani kimekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu. Kwa neno hilo zuri na takatifu walijifungulia mlango wa kutowatunza baba zao na mama zao. Sisi hatukusema Korbani. Tulisema “saa”. Waliotaka kuuza walitaka baba aliyelala kaburini alipe deni la watoto walio hai. Aliyetaka kutengeneza, kwa upande wake, alikuwa tayari kutoa 90,000 siku hiyo hiyo kwa ajili ya kumbukumbu ya mzazi aliyekufa, na katika miezi minne hakuwa ametoa hata senti kwa ajili ya jicho la mzazi aliye hai. Bwana alisema pia juu ya watu wanaojenga na kupamba makaburi ya manabii. Pande zote mbili tulikuwa tumejificha nyuma ya kitu kimoja, wengine mbele yake na mwingine nyuma yake.

Tunataka kulisema jambo hili wazi, maana ndilo lililotufanya tuandike. Maswali yetu mengi ya dhamiri huja yakiwa na umbo la “hiki au kile”. Tuuze au tutunze? Tukae au tuhame? Nasi hufurahi kubishana juu ya hiki na kile, kwa sababu mabishano hayo yanatupa sura ya watu wanaotafuta mapenzi ya Mungu. Lakini huenda swali la kwanza limerukwa. Kabla ya kuuliza tukifanyie nini kitu hiki, tulipaswa kuuliza ni cha nani. Na kabla ya kuuliza fedha itoke wapi, tulipaswa kuuliza deni ni la nani. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mjane akiwa na watoto au wajukuu, hao wajifunze kwanza kuwalipa wazazi wao. Neno ni kulipa. Tulikuwa tukilizungumzia jicho la mama kama sadaka tunayotafutia chanzo, kumbe lilikuwa deni lililokwisha kupita muda wake.

Na kuhusu swali la mwenyewe, Torati ilikwisha kuliweka mahali pake. Katika Walawi 25 ardhi haiuzwi moja kwa moja, kwa sababu ni ya Mungu, na watu wake ni wageni tu wanaokaa kwake. Nabothi alikataa kuuza kwa kuwa alijua shamba halikuwa lake kulifanyia apendavyo. Barnaba aliuza kwa sababu hiyo hiyo. Anania na Safira waliuza, lakini walitaka fedha ibaki yao huku sifa ya kutoa nayo ikiwa yao. Wawili wa kwanza walishika mali kama mawakili. Wawili wa mwisho waliishika kama wenyewe, hata walipokuwa wakiitoa.

Huenda msomaji akauliza: je, na familia isiyo na 150,000? Na wale ambao kweli hawana njia nyingine ila kuuza kilichoachwa na marehemu? Kwao tunasema bila kusita: uzeni, wala msijihukumu. Mama wa watoto wanaolala njaa akiuza cherehani ya mama yake hamsaliti mama yake. Yule mjane wa nyakati za Elisha aliambiwa auze mafuta alipe deni, yeye na wanawe waishi. Kumbukumbu ya mtu haiko ndani ya chuma, na anayempenda marehemu atamkumbuka hata akiwa hana cha kushika mkononi. Tulilolikosea sisi halikuwa kufikiria kuuza. Tulikosea kufikiria kuuza kabla ya kufungua mifuko yetu, na kufikiria kuuza kitu ambacho mwenyewe alikuwa ameketi jikoni.

Wiki iliyofuata kila mmoja alitoa sehemu yake. Mmoja alilazimika kukopa kwa wenzake kazini, akalipa kwa miezi mitatu. Mama alipasuliwa jicho la kulia, akalala siku moja na bandeji, na ilipotolewa alitutazama mmoja mmoja, akasema tumezeeka. La kushoto lilifuata miezi mitano baadaye. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Kwetu mambo yalikuwa kinyume: aliyekuwa akifa macho moyo wake ulikuwa mzima, nasi tuliokuwa na macho ndio tuliohitaji tabibu.

Tulipomuuliza, sasa kwa haki, saa ifanywe nini, alijibu kwa maneno machache. “Itengenezeni. Nataka kuisikia. Lakini kijana huyu akimaliza shule akakosa ada ya chuo, iuzeni, msije kuniuliza mara ya pili.” Hatujapata kusikia mahubiri juu ya uwakili yaliyo mafupi kuliko hayo. Alikuwa ameunganisha Nabothi na Barnaba katika sentensi tatu. Kitu na kitunzwe, kifanye kazi yake, kipendwe; na mkono unaokishika usifumbwe kamwe.

Fundi aliiosha, hakusugua kasha wala kugusa uso wake. Mkanda ulitobolewa tundu la ziada, maana mkono wa mama ni mwembamba kuliko wa baba. Siku tulipomletea aliiweka sikioni kwanza. Kisha akaitazama kwa macho yake mapya, akaifananisha na redio iliyokuwa ikianza kusoma habari.

“Imechelewa dakika kumi,” akasema.

Tulikumbuka mfano wa Bwana juu ya mwenye shamba la mizabibu aliyetoka kutafuta wafanyakazi. Wasomaji wa lugha nyingine huhitaji kuelezwa kuhusu vibarua wale wa mwisho, kwa sababu saa zao huhesabiwa kutoka usiku wa manane. Sisi Waswahili tunahesabu kama walivyohesabu watu wa Injili, tangu jua linapochomoza, na saa kumi na moja ya Mathayo ndiyo saa kumi na moja yetu: jua limeinama, kuku wanarudi bandani, na mtu aliyesimama bila kazi mchana kutwa anajua hana udhuru. Tulifika shambani saa hiyo. Mwenye shamba hakutufukuza. Lakini hatutaki kusahau kwamba kazi ilikuwepo tangu asubuhi, na kwamba mama yetu alikuwa humo peke yake wakati wote tulipokuwa tumesimama sokoni, tukibishana juu ya saa.